Kitunguu Hakizikwi

Kuna imani moja iliyoota mizizi katika mashamba ya umwagiliaji ya Isiolo, kuanzia Burat hadi Kinna na Rapsu, nayo imekaa muda mrefu bila mtu kuipinga waziwazi. Imani yenyewe ni kwamba kwa kuwa jua la huku ni kali, mche wa kitunguu sharti uzamishwe. Wazee wanaisema, vijana waliorudi shambani baada ya kusaka kazi Nairobi wakaikosa wanaisema, na muuza mbegu dukani anaikariri huku akikuhesabia chenji. "Hapa si Kinangop," ndilo jibu analopewa kila anayeuliza. "Ukipanda juujuu, ikifika saa saba mche umeshakauka."

Mimi naipinga imani hiyo, na siiachii hata nusu. Mche wa kitunguu uingie ardhini sentimita 2 hadi 3, yaani pingili ya kwanza ya kidole gumba cha mtu mzima, iwe ni Kinangop, iwe ni Garba Tulla. Jua la Isiolo linabadilisha mengi katika kilimo cha kitunguu: mwezi wa kupanda, saa ya kupanda, zamu za maji, namna ya kuvuna. Kina halikigusi.

Chanzo cha kosa ni kudhani kwamba kitunguu ni mzizi. Mtu ameona kiazi, muhogo na karoti vikichimbuliwa, akaona na kitunguu kinang'olewa ardhini, akakitia kundi moja na hivyo. Chukua kitunguu chochote cha jikoni ukipasue kwa kisu, kutoka shingoni hadi kitakoni. Chini kabisa utaona kisahani cheupe kigumu, chembamba, ambacho mpishi hukikata na kukitupa. Hicho ndicho shina lote la kitunguu. Chini ya kisahani ndiko mizizi inakotokea. Juu yake yamepandana maganda, ile nyama tunayoikatia kachumbari. Sasa fuata ganda moja kwa ncha ya kisu kwenda juu. Litakupeleka shingoni, na kama kitunguu kingekuwa bado shambani lingekupeleka hadi kwenye jani la kijani linalopepea hewani. Tunachokula ni majani, yaliyonenepa sehemu ya chini kwa kuweka akiba.

Majani yakinenepa yanataka nafasi ya kutanuka kwenda kando. Mche ukikaa juujuu, kitunguu kikianza kushiba husukuma ule udongo laini wa juu, hujipasulia njia na kujiinua, na kinapokaribia kuiva nusu yake au zaidi huwa nje. Wapo wanaoshtuka wakiona hivyo, wakachukua jembe na kukifunika tena, wakidhani kuna kasoro. Hakuna kasoro. Hivyo ndivyo kinavyokua. Mche uliozamishwa sentimita 7 au 8 hauna bahati hiyo. Kisahani kinabaki chini, majani yanalazimika kupenya udongo mzito kabla ya kufika kwenye mwanga, na sehemu yote ile iliyobanwa haitanuki. Unavuna kitu kilichorefuka kama chupa, chenye shingo nene isiyofunga, tena kilichochelewa.

Na ubaya hauishii kwenye umbo. Tazama kwa karibu jinsi mche unavyozamishwa. Mpandaji ana kijiti kilichochongwa ncha. Anakidunga ardhini mpaka ngumi inagusa udongo, anakichomoa, anatumbukiza mche na kuusukuma kwa kidole hadi majani mawili matatu tu yabaki nje. Mizizi, ambayo ni laini kama nyuzi, haishuki: inajikunja ukutani mwa tundu na ncha zake kuangalia juu. Kisha anabana udongo kwa kiganja, lakini udongo unafunga mdomo wa tundu tu. Chini kunabaki uwazi, na kisahani kinaning'inia humo. Maji ya mfereji yakija yanaujaza uwazi huo yakatuama. Kuvu wa Fusarium, anayeozesha kitako cha kitunguu, anaupenda udongo wenye unyevu, na zaidi anaupenda wenye joto. Kwa hiyo lile joto linalotajwa kuwa sababu ya kuzamisha mche ndilo linalomnenepesha adui anayeusubiri huko chini. Mkulima akiona mche unageuka manjano anasema ni jua, na msimu unaofuata anachimba zaidi.

Najua hoja ya mahindi, na ni hoja ya watu wenye akili. Katika ardhi kavu, mbegu ya mahindi ikipandwa chini kidogo hukutana na unyevu uliosalia, na aliyepanda juu hupoteza mbegu yake. Wahopi wa Arizona, nchini Marekani, wanaolima kwenye jangwa lisilo na mito ya kutegemea, hupanda mahindi yao sentimita 20, hata 30 chini ya mchanga, na yanaota, kwa kuwa aina zao zina kikonyo kirefu kinachosukuma chipukizi hadi juani. Hilo ni kweli, tena ni ujuzi wa kuheshimiwa. Ila mbegu elfu moja za mahindi zina uzito wa gramu 300 hivi, na mbegu elfu moja za kitunguu hazifiki gramu 5. Punje ya mahindi imebeba akiba ya safari ndefu. Ya kitunguu imebeba akiba ya kupenya sentimita moja, ndiyo maana hata kitaluni haifunikwi zaidi ya hapo. Na mche unaotoka kitaluni baada ya wiki 6 hadi 8, ukiwa na unene wa penseli, bado ni mmea wa juujuu. Mizizi yake karibu yote itaishi ndani ya sentimita 30 za juu, haina matawi mengi, na vinyweleo vyake vya kufyonza maji ni vichache mno. Anayeuzamisha mche ili "ufuate maji chini" anautuma kazi ambayo haukuumbiwa. Mgunga utafanya kazi hiyo. Kitunguu hakiwezi.

Siwalaumu waliotufikisha hapa. Skimu kama Malka Daka, Gafarsa, Rapsu na Merti zilikuja baada ya vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967, wakati familia nyingi za Waborana zilipokuwa zimeachwa bila mifugo. Mtu aliyezaliwa akijua ngamia na ng'ombe alipewa kipande cha ardhi na zamu ya mfereji, akaambiwa alime. Alijifunza kwa kile kilichompa chakula kwanza, na kanuni aliyoipata huko akaihamishia kwenye zao la biashara. Lakini hiyo ni zaidi ya nusu karne iliyopita, na kanuni hairithiwi kwa kuwa tu ni ya babu.

Hoja inayonivuta zaidi ni ile ya yungiyungi. Nimeisikia ikitolewa kwa ufasaha mkubwa. Mvua za Machi na Aprili zikigusa ardhi, mayungiyungi ya porini hutoka mahali palipokuwa vumbi tupu: yale meupe, na lile lenye kichwa chekundu cha duara ambalo wataalamu huliita Scadoxus multiflorus. Ukichimba kulitafuta tunguu kubwa la yungiyungi la nyikani unaweza kuingia shubiri nzima. Basi, wanasema, Mwenyezi Mungu mwenyewe amelipanda chini, akalihifadhi na kiangazi, na sisi tunapaswa kuiga.

Tuige basi, lakini tuangalie yungiyungi lilifikaje huko chini. Hakuna aliyelichimbia shimo. Mbegu zake nene, zenye maji, huanguka juu ya udongo na kuota hapohapo. Mche mchanga una mizizi ya aina ya pekee: ikishashika ardhi hujikunyata, na kwa kujikunyata huvuta tunguu chini kidogo. Mwaka unaofuata huvuta tena. Tunguu lililo shubiri moja chini ni tunguu la miaka mingi, limejishusha lenyewe kwa kipimo linachokijua. Nalo lina sababu, maana linataka kuishi misimu ishirini, kupitia ukame na kwato za ng'ombe, na halidaiwi na mtu. Kitunguu chetu kimekodishiwa shamba miezi mitatu au minne, kishibe na king'olewe. Mbinu za kumwezesha mmoja kujificha zitamwezesha vipi mwingine kunenepa?

Na yungiyungi lina ushahidi mwingine, ambao wenye hoja hiyo hawautaji. Huko Uingereza, mayungiyungi mengi ya bustani huzikwa sentimita 15 hivi, kwa sababu hutoa mizizi ya pili kwenye shina, juu ya tunguu, na mizizi hiyo lazima ipate udongo. Lakini liko moja jeupe, Lilium candidum, linalopandwa katika bustani hiyohiyo, chini ya theluji hiyohiyo, nalo hufunikwa kwa sentimita 2 au 3 tu. Hali ya hewa ni moja na vina ni viwili. Kinachoamua ni maumbile ya mmea: mizizi inatokea wapi, na sehemu ya kunenepa iko wapi. Nimeyasoma maelekezo ya mayungiyungi ya ng'ambo, yale yasemayo tunguu lizikwe mara tatu ya kimo chake, yakipelekwa kwenye kitunguu kana kwamba kila chenye umbo la duara kina sheria moja. Hayo ni makosa hata kwa mayungiyungi yenyewe.

Tuje kwenye jua, maana ndilo hasa linaloogopwa, na linaogopwa kwa haki. Adhuhuri ya Februari, udongo mtupu usio na kivuli unaweza kupita nyuzi 50, na mche uliopandwa saa nne asubuhi kwenye tuta kavu utakufa. Utakufa ukiwa juu na utakufa ukiwa chini, kwa kuwa kinachouua ni majani kupoteza maji kabla mizizi haijashika. Majani hayo yako nje kwa kina chochote utakachochagua. Dawa yake inajulikana. Wiki ya mwisho kitaluni maji yapunguzwe ili miche ikomae. Tuta linyweshwe kabla ya kupanda na baada ya kupanda. Kazi ianze saa kumi jioni, mche upate usiku mzima wa kupumua kabla ya kukutana na jua. Siku za mwanzo maji yaje kidogokidogo na mara kwa mara, badala ya gharika moja kwa wiki.

Kisha kuna kalenda, na hapa Waafrika wenzetu wa Sahel wametutangulia. Galmi, nchini Niger, ni mahali pa joto linaloweza kuishinda Isiolo, na ndiko kulikotoka kitunguu cha Violet de Galmi kinacholiwa hadi Abidjan na Accra. Wakulima wa huko hupandikiza kwenye vijaruba vya maji katika miezi ya ubaridi, wakavuna kabla joto halijarudi kwa nguvu. Wamelikimbia jua kwa kuchagua mwezi. Isiolo tuna Juni hadi Agosti, miezi ya ubaridi kiasi na isiyo na mvua, na anayepandikiza mwishoni mwa Mei au Juni huvuna kabla ya mvua za Oktoba, akapata na jua la kukaushia. Tena, kwa kuwa mji wetu uko karibu na ikweta, mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na aina kama Red Creole na Bombay Red, zinazoanza kushiba chini ya mchana mfupi, hazina mwezi zinaoukataa. Uhuru huo wa kuchagua mwezi wakulima wa nchi za kaskazini hawana. Tunao sisi, tunauacha, tunakimbilia kijiti.

Nikitaja kutandaza nyasi juu ya tuta, hujibiwa kwa swali ambalo mtu wa Nyeri hawezi kuliuliza: nyasi kavu ni chakula cha mifugo, nani aitandaze shambani mbuzi akilala njaa? Swali hilo ni zito, na washauri wengi wa kilimo hulipita kama hawakulisikia. Jibu langu ni kwamba zizini na malishoni kuna mabaki ambayo mbuzi ameshayachambua akayakataa: vijiti vya nyasi ngumu, mabua ya mahindi yaliyoliwa majani, takataka zilizochanganyika na samadi kavu. Tabaka jembamba la hayo kati ya mistari latosha kupoza udongo. Na mwenye kukosa hata hayo bado hana sababu ya kuchimba. Ana maji ya jioni, ambayo hayapunguzi chakula cha mnyama yeyote.

Wengine husema kitunguu kilichotokeza nje huungua. Kweli, kinaweza kuungua, na aliyewahi kuona baka jeupe laini begani mwa kitunguu analijua. Lakini lini? Mara nyingi ni baada ya kuvuna, majani yameanguka, vitunguu vimeng'olewa na kutupwa wazi juu ya udongo mchana kutwa. Kabla ya hapo majani yenyewe hukipa kila kitunguu kivuli, hasa nafasi kati ya miche ikiwa sentimita 10 na si 25. Ukivuna, vilaze kwa safu, majani ya safu hii yafunike vitunguu vya safu ile. Anayezika kitunguu miezi mitatu ili kukikinga na hatari ya siku tatu amekosea hesabu.

Na hesabu kubwa ni ya maji. Kitunguu kilichozamishwa huchelewa, na kila wiki ya kuchelewa ni zamu nyingine ya mfereji au petroli nyingine ya pampu. Mto Isiolo na Ewaso Ng'iro yote ina wateja wengi tangu miteremko ya Mlima Kenya na Laikipia, na miezi ya kiangazi kikali Ewaso Ng'iro hukauka chini ya Archers Post, wafugaji wakachimba mchanga wa mtoni kutafuta maji ya ng'ombe. Katika nchi kama hiyo, kutumia maji ya ziada kuivisha kitunguu ambacho tumekichelewesha wenyewe ni jambo la kutuuma. Mfugaji wa Merti anayegombana na mkulima wa juu kuhusu maji ana haki ya kuuliza maji hayo yamefanya nini.

Sokoni mambo ni mafupi. Broka haulizi ulipanda vipi. Anashika kitunguu, anabonyeza shingo kwa kidole gumba. Shingo ikiwa nyembamba na kavu, kinaingia kwenye neti. Ikiwa nene na laini anakitupa kando, kwa sababu anajua hakijafunga, maji yangali humo, na kitaoza kabla hakijafika Marikiti. Tanzania wanatushinda hapa, na wanatushinda kwa kitunguu kutoka mahali kama petu. Mang'ola, wilayani Karatu, iko kando ya Ziwa Eyasi, takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, kavu, yenye joto, ikinyweshwa na chemchemi. Mji wa Isiolo uko mita 1,100 hivi, na Kinna nayo ina chemchemi zake kutoka Nyambene. Mwaka 2023 vitunguu vya Tanzania vilipopungua masokoni, kilo ikapita shilingi 200 katika miji mingi ya Kenya. Lango lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye kitunguu kizuri. Mkulima wa vitunguu vya shingo nene hakuwa na cha kupitisha, na hakuna ruzuku wala barabara ya lami hadi Moyale itakayomsaidia mpaka abadilishe pale anapoweka mche.

Imebaki hoja ya upepo, na nitaipa haki yake kwa ufupi. Upepo wa Isiolo hung'oa. Lakini hung'oa mche uliopandwa na majani marefu kwenye udongo usiobanwa. Bana udongo kando ya mizizi kwa vidole viwili, si mdomoni mwa tundu. Na majani yakizidi urefu, yapunguze ncha kabla ya kupanda. Baada ya siku kumi mizizi mipya imeshika na upepo hauna la kufanya.

Hata aliyepanda vizuri anaweza kukizika kitunguu baadaye bila kujua. Maji ya mto huja na tope, tope hutulia kwenye tuta, na kila palizi huongeza udongo shinani kwa mazoea ya mahindi, ambayo kweli hupenda kuinuliwa udongo. Mche wa sentimita 3 unajikuta kwenye 6 kufikia palizi ya pili, na mwenye shamba akiapa kwamba alifuata kipimo. Kuanzia palizi hiyo, udongo uondolewe mabegani mwa kitunguu kwa vidole au kwa kijiti, taratibu, bila kugusa mizizi, na jembe libaki kwenye mfereji.